Tulipomtafuta Doto wa Mkuyuni

Fundi rangi akikwambia amestaafu, mwangalie kucha. Zangu hazijashika brashi muda sasa, na bado kuna bluu imejificha pembeni mwa kidole gumba. Mke wangu anasema nitazikwa nayo. Basi kabla hatujafika huko, nawaandikia ninyi vijana wa kazi hii, mnaouza nyumba kwa simu na kupiga picha sebule bila kupiga choo. Mliniomba niseme tulifanyaje miaka ya tisini. Mimi niliishia darasa la saba kule Majita, na kumbukumbu yangu si ya kuapia mahakamani. Nikikosea mahali, aliyekuwepo anisahihishe. Nitajitahidi nisimpendelee mtu, hata mimi mwenyewe, ingawa hilo la mwisho ndilo gumu.

Nilianza kazi kwa Mzee Tungaraza wakati mashirika ya umma yanafungwa moja baada ya jingine. Watu walipunguzwa kazini, wakatoka na kiinua mgongo mkononi huku nyumba ya shirika ikiwatoka miguuni. Wakati huohuo viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinafunguliwa, na mtu uliyemwacha jana na kindoo cha dagaa unamkuta leo anaulizia nyumba yenye geti. Nyumba Mwanza zikaanza kuuzwa kama nyanya. Na kama nyanya, za juu zilikuwa nzuri, za chini ukizikuta ni shauri yako.

Mzee Tungaraza alikuwa Mkerewe, mfupi, mpole, mwenye kofia ambayo sikuwahi kuona iko juu ya kitu kingine zaidi ya kichwa chake. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja karibu na soko la Mkuyuni, kati ya fundi cherehani na muuza mafuta ya taa. Kibao kilisema: UKAGUZI WA NYUMBA NA MAFUNDI WA AINA ZOTE. Aina zote tulikuwa wawili. Fundi umeme tulikuwa tunamwazima.

Siku ya kwanza nilifika na brashi zangu mpya, nikasema, "Shikamoo mzee, nianzie wapi?"

"Marahaba. Anzia kukaa."

Tulikuwa ndani ya nyumba moja ya Igogo ambayo mtu alitaka kuinunua. Mzee aliomba ndoo ya maji, nikadhani ana kiu kubwa. Akaimwaga yote katikati ya sebule. Mwenye nyumba alipiga kelele, mkewe akanyanyua mkeka. Maji yakatembea, yakakata kona, yakapotelea chini ya ukuta wa chumba cha kulala.

"Umeona, Maregesi?" akaniuliza mzee. "Nyumba yenyewe imetaja ugonjwa wake."

Hivyo ndivyo alivyonifundisha. Timazi ya kujua ukuta umesimama au umeegemea. Kuingia darini saa ya jua kali, kwa sababu matundu ya bati hujionyesha yenyewe. Kugonga plasta kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kama unavyochagua tikiti. Choo usikikague kwa kukiangalia, kikague kwa kukitumia, hata kama hujabanwa. Hilo la mwisho lilinipa shida, lakini kazi ni kazi.

Ila mzee alisema nyumba ina ufa mmoja ambao timazi haiuoni: mwenye nyumba mwingine. Ofisi ya ardhi tulikwenda, msije mkasema nawafundisha uchawi. Kiwanja kikiwa kimepimwa, ulianzia huko. Lakini nyumba nyingi zilikuwa juu ya mawe, hazijapimwa, na kilichokuwepo ni mjumbe wa nyumba kumi, majirani na neno la muuzaji. Neno la muuzaji, alisema mzee, ni plasta mpya.

Kwa hiyo alikuwa na dawa yake. Kabla mnunuzi hajatoa hela, tulipewa ruhusa na muuzaji, tukaenda asubuhi na ngazi, tukaupaka rangi mlango wa mbele. Bluu, na taratibu sana. Ndiyo hiyo tu. Mtu anaweza kuvumilia nyumba ya baba yake ikimomonyoka miaka na miaka, lakini hawezi kuvumilia fundi asiyemjua akiupaka rangi mlango wake. Kama kuna mtu anadai kitu, atasikia na atakuja. Kule Nyakato alikuja mke wa pili, na mama yake, na kuku. Kuku sikujua anadai fungu gani. Kule Igoma alikuja baba mdogo kutoka Magu, jasho linamtoka, baiskeli imepasuka tairi, akaniambia nishuke kwenye ngazi aniue. Nilishuka polepole kumpa nafasi ya kufikiri. Alifikiri, akaomba maji ya kunywa.

Sasa niwape kesi iliyotutoa jasho kuliko zote.

Alikuja ofisini mwanamke anaitwa Mama Sabina. Alikuwa mpiga chapa wa shirika moja lililofungwa, na nyumba ya shirika aliyokuwa anaishi ilikuwa imeuzwa, hivyo alitakiwa atoke mwisho wa mwezi. Alishanunua kiwanja Buswelu, akaja kukuta watu wengine nao wamekinunua kilekile. Ile nusu ya kiinua mgongo ilikwenda. Sasa alikuwa ameona nyumba Mkuyuni, na nusu iliyobaki ndiyo ilikuwa maisha yake na ya wajukuu wawili.

"Mzee Tungaraza," akasema, "ukaguzi nautaka, lakini nataka na dhamana. Gari linakatiwa bima. Mimi nani atanikatia bima kwamba nyumba ni yangu?"

Siku zile hata hizo bima za magari tulikuwa tunazifuata kwa unyenyekevu. Bima ya umiliki hatukuwahi kuisikia. Mzee akashika kofia yake.

"Nakupa dhamana yangu mwenyewe. Akitokea mtu kuidai ile nyumba, utahamia kwangu Kirumba wewe na wajukuu, mpaka kesi iishe."

"Bila kodi?"

"Bila kodi."

Mama Sabina akaondoka ameridhika. Kampuni ya bima, yaani mke wa mzee, ilikuwa haijaarifiwa.

Muuzaji aliitwa Kulwa, kijana mtanashati, mchangamfu, aliyetaka kuuza nyumba ya marehemu baba yake anunue injini ya boti. Ukoo ulikuwa umekaa na kumteua yeye kuwa msimamizi wa mirathi. Karatasi zake zilikuwa safi. Nyumba nayo ilikuwa nzuri: msingi wa mawe, vyumba vinne mbele, viwili uani. Maji tuliyomwaga yalikaa palepale yakatuangalia.

Shida ilikuwa jina lake. Hata mgeni aliyeshuka kwenye meli jana anajua kwamba Usukumani, Kulwa ni pacha wa kwanza, na Doto ndiye anayemfuata. Mzee akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, na Doto yuko wapi?"

"Hakuna Doto, mzee. Nimerithi jina la babu."

Mzee akanitazama. Nje akaniambia, "Kila anayemficha Doto husema amerithi jina la babu."

Tukaenda kwa mjumbe, mzee wa Kisukuma mwenye miwani iliyofungwa uzi, mtu wa kujibu swali alilopewa na kutozidisha hata senti. Vyama vingi vilikuwa vimeshaingia, lakini muhuri wa mtaa ulikuwa bado mfukoni mwake.

"Mjumbe, Doto wa Kulwa unamfahamu?"

"Simfahamu."

"Yaani hayupo, au humfahamu?"

"Umeniuliza kama namfahamu."

Jibu hilo lilitosha kutuharibia. Mzee alisema mtu anayejibu hivyo ana kitu amekalia. Mimi nilikubali, sijui kwa sababu niliona hivyo au kwa sababu mzee ndiye aliyeona. Tukaanza kumtafuta Doto. Tuliuliza sokoni, tuliuliza kwa wapasua kokoto, mzee akapanda gari mpaka Kisesa alikokuwa amezaliwa yule marehemu. Kila tulipofika tuliacha maneno: kuna Doto anatafutwa, kuna nyumba ya baba yake inauzwa Mkuyuni.

Mimi nilibaki naupaka mlango. Na hapa lazima niseme habari za chai. Uani kulikuwa na mwanamke kijana na watoto wake. Kila asubuhi alinitolea chai ya rangi na kiazi kitamu, akaweka kwenye kigoda, akarudi kufua. Nilimwita dada, akaniita fundi. Kichwani nilimweka kuwa mpangaji. Mzee alimweka kuwa mke wa Kulwa. Hatukulinganisha.

Maneno tuliyoyaacha yakaanza kuzaa matunda. Wa kwanza alifika na baiskeli kutoka njia ya Kisesa, mtu wa mvi, akapiga kengele getini kama posta.

"Mimi ndiye Doto!"

Kulwa alikuwa amekaa barazani. Akamtazama juu mpaka chini. "Pacha wangu wewe? Wewe na baba yangu mngegombania kiti."

"Ndiyo. Mimi nilitangulia kuzaliwa."

Majirani wakaangua kicheko, maana hata watoto walijua anayetangulia ni Kulwa. Yule bwana akageuza baiskeli kwa heshima zake zote, akaniuliza kama kuna kiazi kimebaki.

Wa pili alikuwa mama muuza mitumba. Huyu nilimpenda. "Mimi ni Doto kweli," akasema, "ila Kulwa wangu yuko Shinyanga na baba yetu yu hai. Nimesikia Doto anatafutwa, nikaona si vibaya kupita." Tukampa kiti. Alituuzia shati.

Baada yake walikuja wengine, na Kulwa hasira zikampanda. Ni haki yake, naandika hivyo sasa kama nilivyofikiri wakati ule. "Mzee, mnanitukana kwenye nyumba ya baba yangu," akasema. "Kuna mfanyabiashara wa samaki anaitaka hii nyumba na haulizi hata jina langu. Mama Sabina mwambie akifika keshokutwa bila hela, nauza."

Mama Sabina akaja mbio. Mwisho wa mwezi ulikuwa umeshafika mlangoni kwake. Kule shirikani walishaanza kumtolea makabati nje. Tukakaa barazani wote: mzee, Kulwa, mjumbe na miwani yake, Mama Sabina na mimi na brashi.

"Doto hajapatikana," mzee akasema. "Siwezi kusema yupo, siwezi kusema hayupo."

Yule dada wa uani alikuwa anakusanya vikombe. Akasimama na sinia.

"Fundi, chai yangu umekunywa siku zote hizo. Jina langu nani?"

Nikaitazama brashi yangu.

"Mimi naitwa Kabula," akasema. "Huyu Kulwa ni kaka yangu, baba mmoja mama mmoja, na mimi ndiye niliyemfuata. Angekuwa amezaliwa pacha, mimi ningeitwa Shija. Anayefuata mapacha ni Shija. Mngeniuliza jina tu, mngelala mapema."

Mzee wa Ukerewe na fundi wa Majita tukatazamana. Desturi ya watu tuliyokuwa tunaishi nayo tulikuwa tumejifunza nusu, ile nusu ya kuchekesha. Mzee akamgeukia mjumbe.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Mliniuliza Doto. Dada yake hamkuniuliza."

Mama Sabina akacheka, kisha kicheko kikakatika. Yeye ndiye aliyeona wa kwanza mahali tulipofika. Akamuuliza Kabula, "Na wewe, mama, unajua nyumba inauzwa?"

"Nimeona mlango unapakwa rangi. Nikangoja nione kama watafika na uani."

Hapo baraza ikawa baraza kweli. Kulwa alisema dada yake aliolewa Misungwi, na ukoo uliona aliyeolewa fungu lake liko kwa mume. Kabula akasema mume alishamrudisha, na kwamba baba alipougua miguu yeye ndiye aliyembeba mpaka choo kile mafundi walichokuja kukijaribu, na mawe ya msingi huu alisomba kwa kichwa akiwa msichana, wakati kaka yake yuko shule. Kulwa hakukataa hata moja. Sitaki mumdhanie mwizi. Alikuwa na nia ya kumpa kitu baada ya injini, alisema hivyo na mimi nilimwamini. Alikuwa tu hajamwambia yeye.

"Nilidhani ukinyamaza umekubali," akamwambia.

"Nilinyamaza nione kama utauliza."

Mzee Tungaraza akamvuta Mama Sabina pembeni, na mimi nikiwa naondoa ngazi nikasikia. Alimwambia ukweli, na ndiyo sababu nilifanya kazi kwake mpaka alipofariki. Alimwambia kwa karatasi zilizopo anaweza kununua leo, ukoo umeshaamua, na yule binti hana nauli ya kwenda mahakamani wala mtu wa kumsemea. Pengine hatadai kamwe. Na akidai, dhamana iko palepale, Kirumba kuna chumba. Lakini akimsubiri Kabula, Kulwa anaweza kumuuzia mfanyabiashara wa samaki kesho asubuhi.

Mama Sabina akauliza, "Wewe unashauri nini?"

"Mimi nakagua nyumba. Nyumba ni nzima."

Nilimwona anatazama vyumba vile viwili vya uani, kamba ya nguo na vigauni vya watoto. Wajukuu wake walikuwa na umri uleule. Kisha akarudi barazani, akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza unga dukani:

"Kulwa, sinunui kwako peke yako. Buswelu nililipa hela yangu juu ya watu wengine bila kujua. Hapa najua. Kama dada yako hauzi, hata mimi sinunui. Muuzie huyo wa samaki, mimi nitalala hata soko la Mkuyuni."

"Mama, una siku ngapi wewe?" Kulwa akamuuliza.

"Sina hata moja. Usinikumbushe."

Majirani walikuwa bado wapo, kwa sababu ya wale Doto watu walikuwa wamezoea kuja kutazama. Mama mmoja akapaza sauti ukutani, "Kulwa, injini ya boti utaipanda wewe, dada yako atapanda nini?" Sijui kama ni maneno hayo yaliyomgeuza, au ni kuona dada yake hakulia. Aliweka mikono magotini. Kisha akamuuliza, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza, "Kabula, wewe unataka nini?"

Kabula alikuwa na jibu tayari. Hakutaka kuzuia. Alitaka fungu lake mkononi mwake, apate kiwanja Kisesa ajenge vyumba viwili, na mpaka amalize kujenga abaki uani bila kusumbuliwa. Kulwa akakubali. Mama Sabina akasema uani hana shida napo, ila watoto wasipande juu ya pipa la maji. Kabula akasema watoto wake hawapandi mapipa. Wakati anasema hivyo mmoja alikuwa juu ya pipa.

Tangu siku ile mzee alibadilisha utaratibu wa ofisi, na mimi niliuendeleza mpaka nilipostaafu. Ukifika kwenye nyumba, kabla ya ndoo na kabla ya ngazi, unamtafuta anayepika, anayefua, anayechota maji, unamuuliza jina lake na amezaliwa na nani. Mlango tuliendelea kuupaka, maana wateja walishauzoea. Lakini mlango unamwita aliye mbali. Aliye ndani inabidi uende wewe.

Kuandikishana kulikuwa siku ya mwisho wa mwezi wenyewe. Mama Sabina alikuja moja kwa moja na mkokoteni wa vitanda, magodoro na cherehani yake, kwa sababu alikotoka walishafunga kufuli. Wingu lilikuwa limeshasimama juu ya ziwa, lile jeusi ambalo halibembelezwi. Mjumbe aliiweka karatasi mezani, akasoma kwa sauti jina la muuzaji, Kulwa, na jina la mnunuzi. Kulwa akasaini. Kisha mjumbe akamsogezea Kabula kalamu, akamwonyesha mstari wa chini kabisa.

"Weka hapa, mwanangu. Shahidi."

Kabula hakuigusa kalamu.

"Mjumbe, shahidi ni aliyeona wengine wakiuza. Mimi nauza."

Mjumbe akaiinua miwani, akaitazama karatasi juu na chini. Mahali pa muuzaji palikuwa na mstari mmoja na ulishajaa. Akasema si neno, fungu lake si anapata, mstari ni mstari tu, na mvua hiyo inakuja. Kulwa akatazama nje. Mzee Tungaraza akavua kofia, ndipo nilipokiona kichwa chake.

Mama Sabina akanyoosha mkono, akaichukua ile karatasi, akaichana katikati, kisha tena katikati. Akaomba nyingine. Akavuta kiti, akaanza kuandika upya kutoka juu, kwa mwandiko ulionyooka: Sisi, Kulwa na Kabula.

Matone ya kwanza yakagonga bati. Mwenye mkokoteni akachungulia dirishani.

"Mama, magodoro yanalowa! Nishushe au nisishushe?"

"Ngoja," akasema Mama Sabina, bila kuinua kichwa. "Bado sijauziwa."